Jumba lilikuwa limefungwa

KIBARAZANI
Na Mwanaidi Shomvi

Jumapili iliyopita kikoba chetu hakikuhesabu hata shilingi. Mama Mapazia alikuwa amerudi Bangkok.

Wasomaji wa kibaraza hiki mnamfahamu. Ndiye aliyemwambia mzee wa nyumba yangu, mbele za watu, kwamba akivaa ile suti yake anafanana na abiria anayesimamisha daladala. Suti mnaijua: ya kijivu, mkono wa kulia mfupi kuliko wa kushoto kwa vidole vitatu, kazi ya fundi wa Magomeni. Siirudii leo.

Guangzhou Mama Mapazia ameshakwenda mara nne. Bangkok ilikuwa mara yake ya kwanza, ila yeye hajawahi kwenda mahali akarudi mwanafunzi. Akirudi, karudi mwalimu. Tulikaa wanawake kumi na wanne mkekani, vitumbua vinapoa, yeye peke yake kwenye kochi, anafundisha. Binti wa Mchikichini, mdogo wetu kuliko wote, anasafiri mwezi ujao kufuata magauni, basi alikuwa amefungua daftari la mistari na kuandika kila neno. Lile daftari mlishike, nitalirudia.

Haki yake nimpe: mengi aliyosema ni ya kweli. Alisema kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano uishike mkononi, usiifungie kwenye begi, kwa kuwa anayetoka kwetu akishuka uwanja wa Suvarnabhumi hupita kwanza kwenye dirisha la afya ndipo aende uhamiaji. Ukilipita dirisha hilo utapanga foleni ndefu kisha urudishwe ukaanze upya. Alisema jina la uwanja usilisome lilivyoandikwa, wenyewe wanatamka kama "Suwanapum". Treni ya uwanjani inakushusha Ratchaprarop, ukiburuta begi kidogo tu umefika Pratunam kwenye nguo. Ukipanda teksi mwambie dereva awashe mita, inaanzia baht 35. Akisema mita mbovu, shuka. Dukani ukichukua vipande vitatu unahesabiwa bei ya jumla, na hakuna kupayuka: muuzaji anabonyeza kikokotoo anakuonyesha, nawe unabonyeza unamwonyesha, mnapatana kama mabubu wawili waliosoma hesabu darasa moja.

Akatueleza na boti za mfereji wa Saen Saep. Hapo hata mimi nilisahau kitumbua. Maji meusi, boti ndefu inakuja kwa kasi kama inakimbia deni, haisimami vizuri, unaruka. Ukishakaa, abiria wa pembeni anavuta kamba na turubai linapanda kuzuia maji yasikurukie usoni. Konda amevaa helmeti, anatembea ukingoni kwa nje akikusanya nauli, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine kwenye chenji. Madaraja ni ya chini mno, ikifika darajani paa la boti linashushwa na konda anainama. Mama Mapazia alisimama kwenye kochi kutuonyesha konda anavyoinama. Kochi likalia.

Kisha akatoa simu tuone maajabu. Ajabu ya kwanza: tunda jekundu lenye nywele. Kwa heshima zote, shoga yangu, hilo ni shokishoki. Shokishoki! Umetoka Dar es Salaam, umevuka Bahari ya Hindi yote, umepiga picha kumi na moja za shokishoki, wakati Darajani pale Unguja lipo chunguni likiuzwa kwa fungu, na doriani kando yake linanuka bila hata kuombwa. Nilinyamaza. Na siku zote nane alikula nini? Tambi za pakiti, aliogopa nguruwe. Boti aliyoipanda asubuhi na jioni hupita kando ya Ban Krua, mtaa wa Waislamu wa asili ya Cham, waliotoka pande za Kambodia, wale waliokuwa wakimfumia hariri Jim Thompson, yule Mmarekani aliyeitangaza duniani. Misikiti ipo, mabaraza yapo, wali na kuku wa halali upo. Kapita mlangoni mwa ndugu zake akiwaza maji ya moto ya kumwagia tambi. Hapo pia nilinyamaza.

Kilichonishinda ni kidole.

Kwenye kidole cha pete cha mkono wa kulia palikuwa na jiwe la buluu, kubwa kama punje ya hindi, nalo kila alipoinua mkono kutufundisha lilifundisha pamoja naye. Mmoja akauliza. "Aa, yakuti," akasema, "zawadi nimejinunulia mwenyewe." Akahamia haraka kwenye habari ya bei za sidiria.

Nikamuuliza, sina neno: "Na Jumba la Kifalme ulifika?"

Mama Mapazia, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimjue, alimeza mate. "Nilifika. Lilikuwa limefungwa."

Aliyewahi kusimama nje ya lile jumba akisikia neno hilo moja, hana haja ya kuambiwa lililobaki. Limefungwa! Jumba lile lilianza kujengwa mwaka 1782, na hufunguliwa kila siku saa mbili na nusu asubuhi. Tiketi ya mgeni ni baht 500 na huuzwa hadi saa tisa na nusu alasiri. Ikitokea shughuli ya kifalme wakalifunga, utaambiwa na askari wa mlangoni, hutaambiwa na mtu uliyemkuta kituo cha basi. Wenye jumba wameweka hadi matangazo ya kuwaonya wageni wasiwasikilize watu wa njiani. Watu bado wanawasikiliza, kwa sababu mtu wa njiani ana tabasamu na tangazo halina.

Mchezo wenyewe ni mkongwe, umewakuta wageni miaka na miaka na haujabadilishwa hata nukta. Mtu nadhifu anakuuliza umetoka nchi gani. Anasikitika: leo asubuhi kuna ibada ya watawa, jumba limefungwa mpaka saa saba mchana. Lakini una bahati, leo mahekalu mengine ni bure. Anakuchorea alama kwenye ramani, anakuitia bajaji, tuktuk kama wanavyosema wenyewe na jirani zetu wa Kenya, baht 20 mzunguko mzima. Bei hiyo ndiyo ingetakiwa ikuamshe, dereva gani duniani anakuzungusha nusu siku kwa bei ya chupa mbili za maji? Ila dereva anajua atakachopata: duka likimpokea mgeni, yeye anapewa kuponi ya mafuta hata usiponunua, na ukinunua, kamisheni. Hekalu la kwanza unalikuta na mtu mwingine ameketi peke yake kwa unyenyekevu, ambaye "kwa bahati" naye amenunua mawe akaenda kuyauza Ulaya kwa faida mara mbili. Hekalu la pili picha. Kituo cha tatu ni duka: soda baridi, kiti laini, na habari kwamba serikali imeondoa kodi kwenye mawe, na leo ndiyo siku ya mwisho.

Haya, mgeni wa Sweden akiliwa hapo nitamsikitikia. Mtanzania? Miaka ya 1990 wanunuzi kutoka Thailand walisafiri mpaka Tunduru, wakakaa kwenye vumbi na wachimbaji wetu wakinunua yakuti kwa gramu. Mirerani tumejenga ukuta wa kilomita 24, mwaka 2018, ili tanzanaiti isitoroke. Waafrika wanaojua mawe huko Bangkok wapo, ila utawakuta pande za Silom na Mahesak, jiwe halibadilishi mkono bila lenzi, na la fedha nyingi linapelekwa maabara kwanza. Hawaendi kwa bajaji ya baht 20. Sisi tunaotoka kwenye yakuti ndio tunaopanda ndege mbili kwenda kununua kioo!

Nilimfuata jikoni alipokwenda kuchukua chupa ya chai.

"Shoga," nikamwambia, "alikuwa amevaa shati jeupe? Limepigwa pasi? Na kitambulisho shingoni?"

Akaiweka chupa chini taratibu. Akaangalia mlango. Akafunga mlango.

Baht 18,000. Zaidi ya milioni moja yetu. Na baya zaidi, alikuwa tayari anajua. Ijumaa alilipeleka kwa sonara, sonara akaweka lenzi jichoni, akaligeuza mara mbili, akamuuliza, "Mama, umepewa au umenunua?" Ndani mlikuwa na mapovu madogo ya duara. Yakuti ya ardhini haina mapovu hayo. Ni alama ya jiwe lililoyeyushwa kiwandani, rangi nzuri, bei ya hereni za shule. Basi toka Ijumaa anajua, Jumapili amelivaa, ametukalisha mkekani, ametupa siri za dirisha la afya na mita na kikokotoo, na lile moja ambalo lingemsaidia mtu kweli amelifunika kwa sidiria.

"Ungewaambia," nikasema.

"Niwaambie nini? Wacheke?"

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo Jumatano ninapoandika. Yule mwenye shati jeupe angekuwa ameshatafuta kazi nyingine zamani kama wasafiri wangekuwa na midomo. Anayemlisha ni haya yetu. Kila aliyeliwa anarudi kwao anasimulia boti, anasimulia matunda, anaonyesha picha ya hekalu, na akifika kwenye jumba anasema limefungwa, anakunywa maji. Na ninyi mnaokwenda India kwenye matibabu, mnaokwenda Uturuki kwenye mapazia, msijifanye hamnijui. Kila mji una jumba lenu lililofungwa. Mzungu akiliwa anaenda kupiga kelele dunia nzima, hana haya, na katika hili tu namsifu. Japo naye pale langoni hurudishwa kwa sababu amekuja na kaptula, akavuka barabara kununua suruali ya tembo tembo, wakati Mama Mapazia na dera lake na mtandio angepita bila kuulizwa. Ndiyo maana naumia. Nguo alikuwa nayo, baht 500 alikuwa nazo, na ndani ya jumba lile kuna sanamu wanaloliita Buddha wa Zumaridi, ambalo kwa kweli si la zumaridi. Angejifunza habari za mawe na majina yake kwa baht 500 badala ya 18,000.

Tuliporudi ukumbini na chai, nilipita nyuma ya binti wa Mchikichini. Ameandika vizuri, mwandiko wa shule ya masista. Kadi ya njano mkononi. Ratchaprarop. Vipande vitatu. Kisha, kwa kalamu nyekundu, ameipigia mstari: "Jumba la Kifalme limefungwa. Usihangaike. Kuna mahekalu mengine ya bure."

Maneno ya tapeli, neno kwa neno, sasa yako Mchikichini kwa kalamu nyekundu.

Mtauliza kwa nini sikumwambia pale pale. Nilifungua mdomo. Mama Mapazia akanitazama, na swali lake la jikoni, ambalo sijawaambieni, likanirudia: "Na wewe ulijuaje habari ya shati?"

Nilijua kwa kuwa mwaka 2013 nilipelekwa Bangkok kwenye warsha ya siku tano, siku ya mwisho nikapata mapumziko, nikasimama nje ya Jumba la Kifalme na kamera ya kuazima. Likawa limefungwa. Bajaji yangu haikupita kwenye mawe, dereva alinitazama akaona sina sura ya mawe. Ilipita kwa mshonaji. Vipimo vya mzee wa nyumba nilivikisia kwa mikono, wakaniambia itakuwa tayari jioni, hariri na sufu, serikali imeondoa kodi, leo ndiyo siku ya mwisho.

Binti wa Mchikichini, futa ule mstari mwekundu. Na fundi wa Magomeni, ambaye nimekuchekea hapa kibarazani muda wote huu kwa mkono ambao hukuushona, pita nyumbani wiki hii. Njoo na futi yako, suti bado ipo.