Faini ya barabarani nayo ni gharama ya ufuta

Msimu wa ufuta unapofika wilayani Kilwa, mkulima wa Njinjo huhesabu palizi, vibarua wa kuvuna, magunia na makato ya chama. Kuna gharama moja ambayo huisahau, nayo ni faini ya barabarani. Mzigo wake hutoka shambani kwa bodaboda hadi ghala la chama cha msingi, kisha hupanda lori kuelekea Nangurukuru. Faini anayoandikiwa dereva njiani, iwe ya haki au ya kuonewa, haiishii mfukoni mwake. Safari inayofuata huingizwa kwenye nauli ya gunia.

Nisieleweke vibaya. Anayepakia mishikaki, asiyevaa kofia ngumu au anayeendesha bila leseni anahatarisha maisha ya watu, na anastahili kutozwa. Hoja yangu inamhusu dereva anayeandikiwa kosa ambalo anaamini hakulitenda.

Dereva huyo hakuachwa bila njia. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, karatasi ya faini anayopewa na askari ni taarifa ya kosa, si hukumu. Akilipa, amekubali na suala limekwisha. Asipokubali, ana haki ya kutaka shauri lake lisikilizwe mahakamani, na huko ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha kosa. Wengi hawalijui hilo, na wanaolijua hawalitumii.

Sababu yake ni hesabu. Bajeti ya 2021/22 ilipunguza faini ya pikipiki na bajaji kutoka sh 30,000 hadi sh 10,000 kwa kosa, huku magari mengine yakibaki na sh 30,000. Tuchukue mfano wa kijana wa bodaboda aliyeandikiwa sh 10,000. Akitaka kesi, itambidi aende Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya. Tuseme nauli na chakula ni sh 15,000, na tajiri wa pikipiki anadai hesabu yake ya siku sh 7,000. Hapo tayari ni sh 22,000, na kesi ikiahirishwa mara moja tu, zinakuwa sh 44,000. Nani atatumia sh 44,000 kuokoa sh 10,000? Atalipa, hata kama hana kosa. Mwenye lori naye atalipa, kwa kuwa siku moja ya gari kulala na mzigo ni hasara kubwa kuliko faini.

Kudai haki kunapokuwa ghali kuliko kuikosa, mazungumzo ya pembeni mwa barabara hupata nafasi. Fedha hiyo haina stakabadhi, lakini nayo hurudi kwenye nauli ya gunia.

Suala la leseni ni zito zaidi. Mahakama ikimtia dereva hatiani kwa kosa kubwa, kama kuendesha kwa hatari au akiwa amelewa, inaweza kumzuia kuendesha kwa muda. Kwake hiyo ni ajira iliyopotea. Anayeona ameonewa na Mahakama ya Wilaya anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, lakini anatakiwa atoe taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, na kuwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Asiye na wa kumwelekeza, siku 10 humpita akiwa bado anaulizia aanzie wapi.

Wakili wa kulipwa kwa kesi ya sh 10,000 ni ndoto. Lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria. Hawa hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, ila wanaweza kumweleza haki zake, kumsaidia kuandaa nyaraka na kumwelekeza kwa mwanasheria anayetoa msaada bure. Kwa dereva wa Njinjo, hiyo ndiyo sehemu kubwa ya anachokihitaji.

Ninashauri mambo mawili. Kwanza, vyama vya msingi na vikundi vya bodaboda vikubaliane kuwezesha msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa afike kijijini siku moja kila wiki wakati wa msimu. Vichangie nauli na karatasi tu, kwani msaada wenyewe hautakiwi kutozwa ada. Chama kinachoweza kununua turubai za ghala hakishindwi na nauli ya mtu mmoja.

Pili, Mahakama ilizindua mahakama zinazotembea mwaka 2019, zikaanzia Dar es Salaam na Mwanza. Utaratibu kama huo ukifika Nangurukuru hata mara moja kwa mwezi katika msimu, hesabu ya yule kijana itabadilika kabisa. Askari naye atakuwa mwangalifu zaidi anapoandika, akijua kwamba anayeandikiwa anaweza kweli kuhoji.

Mikutano ya vyama hutumia saa nyingi kujadili bei ya mnada, ambayo mkulima hana nguvu nayo. Gharama ya barabarani anaweza kuipunguza. Iwekwe kwenye ajenda kabla gunia la kwanza halijapakiwa.