Gava iko mkononi, kasha la nyaraka liko wapi?

Jumamosi iliyopita baada ya swala ya alasiri, mama mmoja jirani yangu hapa Kaloleni alipiga hodi akiwa na simu iliyopasuka kioo. Aliketi barazani, akaifungua leso alimoizungushia ile simu, akanikabidhi.

"Mwanangu, nitafutie karatasi za huyu mtoto. Zimo humu humu, nina hakika."

Mtoto mwenyewe ni binti yake, yuko Riyadh mwaka wa pili sasa, kazi za nyumbani. Kabla ya kupanda ndege alimtumia mamake picha za pasipoti, viza na mkataba wa kazi. Majuzi alipiga kwa simu ya mwenziwe. Analipwa chini ya alichoandikiwa, pasipoti imeshikwa na mwajiri na simu yake pia imechukuliwa. Alimwomba mamake aupeleke mkataba kwa wakubwa wamsaidie.

Tulikaa na ile simu mpaka adhana ya magharibi. Ndani mlikuwa na picha zaidi ya elfu nne: maua ya "Jumaa Mubarak" ya kila wiki kutoka makundi sita, harusi, matanga, michango, video za mahubiri, vichekesho vya watoto, na risiti za M-Pesa alizozipiga skrinshoti. Pasipoti tuliipata. Ukurasa wa kwanza wa mkataba tuliupata. Ukurasa wa pili, wenye mshahara, jina la wakala na sahihi, ulikuwa na ukungu. Siku ulipotumwa bando lilikuwa limekwisha, kwa hivyo haukuwahi kushushwa. Tulipoubonyeza, WhatsApp ilituambia tumwombe aliyeutuma autume tena. Aliyeutuma ndiye yule ambaye simu yake imefungiwa kabatini Riyadh.

Nimeyaeleza haya kwa sababu nadhani si kisa cha mama mmoja. Ni habari ya siasa na utawala, ingawa hatujazoea kuihesabu hivyo.

Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma za serikali mtandaoni kwa jina la Gava Mkononi. Tuliambiwa huduma zaidi ya 5,000 zimeingia eCitizen. Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, leseni, pasipoti, maombi ya mkopo wa masomo, usajili wa bima mpya ya afya ya SHA iliyoanza Oktoba 2024, yote yanaanzia simuni. Mimi siyapingi. Anayekumbuka nauli ya kwenda Kilifi au Mombasa kufuata karatasi moja, kisha kuambiwa arudi Jumanne, hawezi kuililia foleni ya zamani.

Lakini serikali ilipohamisha dirisha lake, mzigo wa kuhifadhi nao ulihama. Zamani ofisi ilikuwa na masijala, na karani aliyejua faili lako liko rafu gani. Nyumbani kulikuwa na kasha au sanduku la bati chini ya kitanda. Ufunguo bibi aliufunga pembeni mwa leso. Ndani mlikuwa na hati ya shamba, vyeti vya watoto, talaka ya shangazi, karatasi ya deni la mnazi. Kila mtu nyumbani alijua liko wapi, na moto ukiwaka ndilo lililotolewa kwanza.

Leso tunayo bado, lakini lile kasha limegeuka simu ya elfu nane iliyojaa maua ya Ijumaa. Karani wa masijala sasa ni mimi na wewe, na hakuna aliyetufundisha kazi hiyo.

Wako watakaosema ni uzembe wa wananchi. Naomba tutazame jinsi mambo yanavyokwenda. Simu nyingi za bei ya chini zina nafasi ndogo, na sehemu kubwa yake imeshachukuliwa na programu za simu yenyewe. Nafasi ikijaa, simu inamwambia mtu afute. Anafuta kwa haraka, huku akisubiri ujumbe wa nambari ya siri kutoka benki, na mkataba unakwenda pamoja na vichekesho. Wengine wana simu za mkopo, ambazo malipo yakichelewa hujifunga, na nyaraka zilizomo hufungwa nazo. Wengine simu ni ya nyumba nzima. Asubuhi iko na baba, jioni watoto wanachezea.

Kuna na kosa la mpangilio wenyewe. Simu haipangi vitu kwa maana, hupanga kwa njia vilikoingilia. Picha uliyopiga inakwenda kwenye kamera. Uliyotumiwa inakwenda kwenye folda ya WhatsApp. Fomu uliyoishusha inakwenda kwenye Downloads, tena kwa jina la tarakimu tupu. Kwa hiyo nyaraka tatu za jambo moja zinakaa nyumba tatu tofauti, na mwenyewe anadhani zote ziko "simuni". Ni kama kusema hati iko "Kaloleni". Kaloleni gani, ya sokoni au ya kule Mwanamwinga?

Ajabu ni kwamba Wakenya tumeshaonyesha tunaweza. Baada ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, IEBC iliweka mtandaoni picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000. Hazikurundikwa. Ulifungua kaunti ya Kilifi, ukaingia eneo bunge la Kaloleni, ukachagua wadi, kisha kituo, na fomu ya kituo chako ikatokea. Vijana wa maskani hapa walizifungua moja moja na kujumlisha kwenye daftari. Kilichowapa uwezo wa kukagua uchaguzi wa nchi ni ule mpangilio. Fomu zile zile zingerundikwa bila majina, zingekuwa sawa na kutokuwepo.

Hapo ndipo ninapoiona siasa ya jambo hili. Nyaraka zikipangika, mnyonge anaweza kuuliza swali na kulithibitisha. Zikivurugika, anabaki kuomba huruma. Wazee wetu walilisema kwa ufupi: mali bila daftari huisha bila habari. Na sisi Waislamu tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Kuandika peke yake hakutoshi ikiwa siku ya haja karatasi haionekani.

Tazama mambo mawili yanayotuumiza zaidi huku kwetu.

La kwanza ni hao wanetu walioko Saudia na nchi nyingine za Ghuba. Msichana akipata matatizo, ubalozi na ofisi za kazi watauliza nambari ya pasipoti, jina la wakala, jina na anwani ya mwajiri, na mkataba. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, huweka orodha ya mawakala waliosajiliwa, lakini orodha itamsaidiaje mzazi asiyelikumbuka hata jina la wakala? Nyaraka zinapokuwa kwenye simu ya anayesafiri peke yake, yule anayeichukua simu amechukua ushahidi wote.

La pili ni ardhi. Si mashamba machache ya minazi hapa Kaloleni ambayo hati zake bado zina majina ya marehemu babu. Siku ya kufungua mirathi, iwe kwa Kadhi au mahakama nyingine, vitatakiwa cheti cha kifo, barua ya chifu na nambari ya shamba. Hapa niseme wazi ili mtu asipotoke: picha ya hati si hati. Hati ya asili ibaki mahali pakavu, salama. Lakini picha ina kazi yake. Hati ikiungua au ikiliwa na mchwa, nambari iliyo kwenye picha ndiyo itakayokuwezesha kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi na kuomba hati nyingine, ambayo hutolewa baada ya tangazo la siku 60 katika Gazeti Rasmi la Serikali kama hakuna aliyepinga. Bila nambari, unaanza kuuliza wazee nani anakumbuka mpaka ulipita wapi.

Nami si msafi katika hili. Marehemu baba aliniachia mchoro wa mipaka ya shamba, nikaupiga picha, nikaurusha kwa ndugu zangu kwenye WhatsApp, nikaona nimemaliza. Ile karatasi iliraruka. Nilipoitafuta picha nikaikuta, lakini WhatsApp hupunguza ubora wa picha ikizituma kwa njia ya kawaida, na vipimo vimekuwa madoa tu. Tangu siku hiyo karatasi yoyote ya maana naituma kama dokumenti, wala si kama picha.

Basi tufanye nini? Nitasema yanayowezekana kwa simu ya kawaida.

Fungua programu ya faili simuni mwako na utengeneze folda moja, uiite Nyaraka. Ndani yake tengeneza folda ya kila mtu wa nyumba: Baba, Mama, Amina, Kahindi. Kisha moja ya Shamba na moja ya Safari. Kila karatasi ipe jina ambalo hata mtoto wa darasa la sita ataelewa: mwaka, aina, mwenyewe. Ukitumiwa kitu cha maana, kishushe siku hiyo hiyo na ukihamishe. Kazi yote ni ya nusu saa, halafu dakika mbili kila karatasi mpya inapokuja.

Pili, nakala isikae mahali pamoja. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, na hizo zinatosha nyaraka za ukoo mzima. Lakini kumbuka kwamba Google inaweza kuifuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, kwa hivyo anayesafiri asiache akaunti yake ikilala. Nakala ya tatu ichapishwe, irudi kwenye sanduku la bati. Tarehe 27 Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa na wadukuzi, na Waziri Eliud Owalo akathibitisha, huduma nyingi zilikwama. Siku kama hiyo karatasi ya nyumbani haina habari na mtandao.

Tatu, tahadhari na saiba. Tunaacha vitambulisho vyetu kwenye kompyuta za watu, tunampa kijana wa saiba nywila ya eCitizen atutunzie. Wengi wao ni waaminifu na wanatusaidia sana. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki juu ya taarifa zako, na kudai faili lako lifutwe mbele yako si utovu wa adabu.

Haya ni yetu. Sasa niwageukie wenye mamlaka, kwani haifai serikali ihamishe masijala yake kwetu kisha itulaumu kwa vumbi.

Serikali ya Kaunti ya Kilifi na wabunge wetu hutangaza basari kila mwaka, na kila mwaka mzazi huyo huyo huombwa nakala zile zile za cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na barua ya chifu. Kwa nini nyaraka zisipokewe mara moja, zikahifadhiwa, na mwaka unaofuata mzazi akaulizwa kilichobadilika tu? Vituo vya vijana vyenye kompyuta na intaneti vitenge siku moja kwa wiki kwa ajili ya wazee, waje na simu zao wapangiwe nyaraka bure. Mtaala wa CBC umeutaja ujuzi wa kidijitali kama mojawapo ya stadi saba za msingi. Vizuri. Basi zoezi moja liwe mtoto kurudi nyumbani kumpangia bibi yake folda. Na yeyote anayempeleka binti wa watu Ghuba alazimishwe kumkabidhi mzazi nakala kamili ya mkataba iliyochapishwa, kabla ya ndege kuondoka. Hilo halihitaji mtambo wowote, linahitaji agizo na ukaguzi.

Yule mama nilimtengenezea folda yenye jina la bintiye. Ina pasipoti, viza na ukurasa mmoja wa mkataba. Jumatatu tulikwenda naye ofisini. Afisa aliandika nambari ya pasipoti, akachukua maelezo, kisha akauliza ukurasa wa pili uko wapi. Mama alinitazama mimi. Sikuwa na jibu.

Tunaendelea kuutafuta. Huenda binti alimtumia na rafiki yake mmoja wa Mariakani, naye anaipekua simu yake ya zamani. Tumwombee asiwe ameifuta. Na wewe unayesoma haya, kabla hujalala leo, ifungue simu yako uulize: kama kesho nitaulizwa karatasi ya mwanangu, nitaipata kabla ya magharibi?