Mafuta ya kung'arisha ngozi: wauzaji waache kudanganya wahami

Katika masoko ya Goma, Bukavu na Bunia, mafuta ya kung'arisha ngozi yanauzwa mezani karibu na sabuni na chumvi. Muuzaji anaahidi ngozi nyeupe na laini. Kilichomo ndani ya kopo hasemi, na mara nyingi hata yeye hakijui.

Ngozi nyeusi si uchafu. Weusi wake unatokana na melanini, rangi ambayo mwili unatengeneza ili kukinga ngozi na jua. Haidrokinoni inazuia kazi hiyo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika mafuta ya kung'arisha ngozi tangu 2001. Anayeipaka miaka mingi anaweza kubaki na madoa meusi ya kuelekea bluu usoni, ambayo ni vigumu sana kuyaondoa. Zebaki nayo inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na inafika hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Kisha iko klobetasoli. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na muganga, kwa magonjwa fulani ya ngozi na kwa muda mfupi. Sokoni inauzwa kama mafuta ya kila siku. Inapunguza unene wa ngozi, hata vidonda vinachelewa kupona. Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa ndiye anayeumia.

Katika kambi za wahami wa vita hatari inazidi. Watu wanalala wamebanana, na upele unaenea haraka. Mtu akipaka klobetasoli, mwasho unatulia, anafikiri amepona. Kumbe wadudu wanaendelea kuzaana ndani ya ngozi, na jirani yake pia anaanza kujikuna. Pesa ya unga imeisha, ugonjwa umebaki.

Wanaotetea biashara hii wanasema kila mtu ana haki juu ya mwili wake. Ni kweli. Lakini hakuna anayechagua vizuri kitu asichokijua. Wanaotoza kodi mpakani wakague pia bidhaa zinazopita mbele yao. Redio nazo zikatae matangazo ya mafuta hayo, hata kama yanalipa vizuri.

Aliyeyatumia kwa muda mrefu asiache kwa ghafla bila ushauri, kwa sababu klobetasoli ikikatwa mara moja inaweza kumletea shida nyingine. Abebe kopo lake, aende kituo cha afya, amwonyeshe muuguzi.