Kompyuta zaja, mwalimu je?

Serikali iliahidi kituo cha kompyuta katika kila wadi, zote 1,450. Dundori, wadi ya wakulima kule Bahati, Nakuru, imo kwenye hesabu hiyo sawa na wadi zetu za Pwani. Lakini tunasikia habari za majengo na mashine. Mwalimu ni nadra kutajwa.

Naye ndiye anayehitajika zaidi. Juni 2023 Rais Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Mzee asiyejua kushika kipanya huenda saiba, akampa kijana kitambulisho na neno la siri, akalipa, akaenda zake. Siri yake imebaki pale. Mwenye PIN ya KRA asipowasilisha marejesho ya ushuru kufikia Juni 30, hutozwa faini ya shilingi 2,000, hata kama hakupata kitu mwaka mzima.

Wallahi, kumfunza mzee mmoja kutunza neno la siri kwaweza kumaliza asubuhi nzima, na hakuna anayekuja kupiga picha. Basi siku mwakilishi wadi atakapokata utepe, tumuulize: mwalimu analipwa na nani, na mkataba wake ni wa miezi mingapi?