Ishango imefungwa, lakini ilifunguliwa kwa nani?

Butembo – Mtu akitaja Ishango mbele ya wamotari wa Butembo, au kwenye meza za samaki sokoni Beni, mabishano hayachelewi. Wako waliofika kule, wengi wao wakiwa wanafunzi au wafanyabiashara waliopitia Kasindi, na hao husema hakuna mahali pazuri kama pale Semliki inapotoka ziwani. Wanakumbuka viboko majini, ndege weupe ufukoni, upepo wa jioni na milima ya Ruwenzori ikionekana mawingu yakiondoka. Kwao kufungwa kwa utalii wa Virunga ni hasara kubwa kuliko zote, na lawama ni kwa serikali iliyoshindwa kulinda usalama.

Wengine huwacheka. Wanasema Ishango ilisifiwa kuliko ilivyostahili: barabara ya vumbi na mashimo, nyumba chache za wageni, bei kwa dola, na mwisho wa safari ni kiboko unayemwona toka mbali kama jiwe. Kitu kilichokuwa hivyo, wanauliza, kikifungwa nani atalia?

Wa tatu husikiliza tu. Ni wale waliohama kutoka sekta ya Ruwenzori, Oicha, Eringeti, Mangurujipa na vijiji vingine vya Beni na Lubero, ambao sasa wanalala kwa ndugu au katika vyumba vya kupanga hapa mjini. Wakiulizwa, hujibu kwa swali: nyinyi mnabishana juu ya viboko, na mashamba yetu je? Swali hilo linafaa kuwekwa katikati ya mjadala huu, maana bila hilo pande mbili za kwanza zitazunguka mahali pamoja hadi mwaka ujao.

Kwanza tarehe ziwe wazi, kwa sababu katika mabishano kila mtu ana mwaka wake. Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, ikiitwa Parki Albert, na mwaka 2025 ilitimiza miaka 100. Iliwekwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1979, na tangu 1994 iko kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Tarehe 11 Mei 2018, gari la wageni lilishambuliwa kaskazini ya Goma; mlinzi mmoja aliuawa na Waingereza wawili wakatekwa, wakaachiliwa siku mbili baadaye. Utalii ukasimamishwa. Ulifunguliwa tena Februari 2019, ukafungwa Machi 2020 wakati wa korona, na mwezi uliofuata, tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo pamoja na raia. Tangu hapo utalii haujarudi kama zamani. Vita vya M23 vilipopanda, sehemu ya kusini ya parki, pamoja na Rumangabo yenyewe, iliingia mikononi mwa kundi hilo. Huku kaskazini, kwa miaka zaidi ya 10 ADF wamefanya misitu ya Beni kuwa mahali pa kuzika watu.

Kwa hiyo anayesema wakubwa wa parki wamefunga kwa uvivu anakosea. Yule mlinzi wa Mei 2018 aliitwa Rachel Masika Baraka, alikuwa na miaka 25. Jina la Masika halihitaji kufafanuliwa Butembo. Katika kila barabara ya mji huu kuna Masika mmoja au wawili. Alikufa akisindikiza watu waliokuja kutazama uzuri wa nchi. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika historia ya parki hii. Hakuna kiboko wala kilele cha mlima kinachostahili kuongeza hata mmoja kwenye hesabu hiyo ili mgeni apige picha.

Basi kufunga kulikuwa haki. Lakini wanaodharau Ishango nao wameshika kitu cha kweli, ingawa wanakisema kwa mzaha. Ubora wa mahali pale ulianza kushuka zamani, mlango ukiwa bado wazi. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikaribia 30,000, na hakuna mahali pengine duniani palipokuwa na wengi hivyo pamoja. Kufika 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Waliuawa kwa risasi, nyama ikauzwa, meno yakauzwa, na wauaji walikuwa wa kila sare: wanajeshi, waasi, mayi-mayi. Wavuvi wa Kyavinyonge wanajua matokeo yake kuliko mtalii yeyote. Kinyesi cha kiboko kinalisha maji, maji yanalisha samaki, na samaki ndiye anayefika kwenye sahani ya Butembo. Tilapia ikipanda bei sokoni, sehemu ya sababu imo katika wale viboko waliokwisha, hata kama mama anayeuza samaki hana nafasi ya kumweleza kila mnunuzi.

Halafu jambo la kushangaza. Mwaka 2020, mlango ukiwa umefungwa, tembo karibu 580 walivuka kutoka parki ya Queen Elizabeth ya Uganda wakaingia Virunga. Kundi kubwa namna hiyo lilikuwa halijaonekana kwa miaka mingi. Yaani kitu ambacho wageni walikuwa wanalipa kukiona kilirudi wakati hakuna mgeni. Wapenzi wa Ishango wanaodhani mahali pakifungwa panakufa wakumbuke hilo.

Ila swali zito zaidi ni lile la nani. Parki ilipokuwa wazi, kuona gorila upande wa Rutshuru kulikuwa dola 400, kupanda Nyiragongo dola 300. Mbele ya Rwanda, inayodai dola 1,500 kwa gorila, hiyo ilionekana bei rahisi, na wageni wa Ulaya waliisifu. Mwalimu wa shule ya msingi wa Butembo angejikusanya miezi mingapi kulipa dola 400, bila kula, bila kodi ya nyumba? Kulikuwa na bei nafuu kwa wakaaji wa nchi, lakini safari, gari na kulala vilibaki kama vilivyo. Matokeo ni kwamba kuna vijana wa Beni wanaojua simba wa Kenya kwa simu zao na hawajawahi kuona kiboko wa kwao.

Mfano mwingine unauma zaidi. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango akapata mfupa mdogo wenye mikwaruzo iliyopangwa kama hesabu. Una miaka kama 20,000, na wataalamu wa dunia nzima wanaujadili kama moja ya alama za kwanza za mtu kuhesabu. Mfupa huo uko Brussels, katika jumba la makumbusho. Mtoto wa darasa la sita hapa anaweza kuusikia kwa mwalimu. Hauoni mfupa, wala haoni Ishango. Kama ubora wa kivutio unapimwa kwa wale wanaoishi karibu nacho, basi Ishango ilikuwa imefungwa kabla ya kufungwa.

Mutwanga ni habari nyingine, na hapo ndipo waliohama wanapoingia katika hesabu. Kutoka Mutsora wapandaji walikuwa wanapita Kalonge, Mahangu na Kiondo kuelekea Margherita, kilele cha mita 5,109 kilicho mpakani. Njia hiyo haikuwa ya wageni peke yao. Ilikuwa kazi ya wabeba mizigo, wapishi, waongozaji, mama wanaouza ndizi na maharagwe, vijana wa pikipiki. Familia zao ni zile zile zilizokimbia Mutwanga na vijiji vya jirani ADF waliposhambulia, na kuacha kakao ikikauka mtini au ikivunwa na mtu asiyeijua. Mbeba mizigo wa Kalonge leo anabeba magunia sokoni Butembo, akipata kazi.

Upande wa pili wa mlima ule ule wanaishi Bakonzo, ndugu wa Banande, wanaosemezana bila mkalimani. Nao walijua kufungwa. ADF hao hao ndio waliosababisha parki ya Ruwenzori ya Uganda kufungwa kuanzia 1997 hadi 2001. Ilipofunguliwa, waongozaji na wabeba mizigo wa vijiji vya Kasese walirudi mlimani wakiwa na chama chao wenyewe, na sheria ya Uganda inataka asilimia 20 ya pesa za kiingilio cha parki ziende kwa jamii za jirani. Si paradiso. Oktoba 2023 ADF waliua watalii wawili na mwongozaji wao katika Queen Elizabeth, na wakaaji wa kule wana manung'uniko yao juu ya hizo asilimia 20 zinavyogawanywa. Lakini mtu wa Kasese anajua sheria inamwahidi nini na anaweza kuuliza iko wapi. Mtu wa Mutwanga angeuliza nini, na kwa nani?

Ni haki pia kusema mazuri yaliyofanyika. Mutwanga ilipata umeme wa maji kutoka parki mwaka 2013, kikafuata kiwanda cha sabuni, na taa hizo hazikuwashwa kwa ajili ya mtalii. Anayesema parki haijawahi kumpa mkaaji kitu asahihishwe. Hata hivyo umeme haufuti mabishano ya mipaka, kama yale ya Mayangose, ambapo mkulima na parki kila mmoja anasema ardhi ni yake. Mabishano hayo yataanza upya siku watu watakaporudi, kama hakuna atakayekaa nao chini kabla.

Hasira nyingine imekuja na gorila wa Mlima Tshiabirimu, si mbali na Butembo. Oktoba 2024 majike wanne waliolelewa katika kituo cha GRACE, Kasugho, walipelekwa kuishi mlimani humo, ambako gorila walikuwa wamebaki wachache sana, wasiofika 10. Watu waliohama wakasema: gorila wanatafutiwa makao, sisi hatutafutiwi. Maneno hayo yanasikika sana na hayafai kupuuzwa. Lakini pesa ya gorila haikutolewa mfukoni mwa mkimbizi. Aliyeshindwa kumrudisha mtu kijijini ni yule mwenye jukumu la usalama, na hilo ni jukumu la serikali tangu hali ya dharura ilipotangazwa Mei 2021, na hata kabla. Kumchukia gorila ni kumwachia mkosaji nafasi ya kutoka kwa mlango wa nyuma. Tena gorila hao, wakizaana, ndio kivutio pekee ambacho mtu wa Butembo anaweza kukifikia kwa safari ya asubuhi na kurudi jioni, amani ikiwapo.

Amani ikiwapo: hapo pande zote tatu hukutana, lakini si kwa mpangilio mmoja. Wapenzi wa Ishango wanataka mgeni arudi haraka ili pesa irudi, na pesa ilete usalama. Mwaka 2018 ulionyesha njia hiyo inaishia wapi: mgeni ndani ya gari, mlinzi kijana mbele yake, na kijiji kinachopitwa hakina mlinzi. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake. Mkulima wa Mutwanga aingie kwanza kwenye kakao yake na alale kwake, mvuvi wa Kyavinyonge asukume mtumbwi bila kutozwa na mwenye bunduki, halafu ndipo mtalii aitwe. Kipimo kiwe hicho. Kijiji kilicho mlangoni mwa parki kikiwa bado kitupu, mlango usifunguliwe, hata kama mgeni analipa mara mbili.

Na kuna kazi isiyosubiri amani. Wabeba mizigo na waongozaji wa zamani wa Ruwenzori wako hapa mjini, wamo kwenye familia zilizowapokea. Majina yao yanaweza kuandikwa sasa, kabla watu wa mbali hawajachukua kazi hizo siku ya kufungua. Vijana wao wanaweza kufundishwa lugha na huduma ya kwanza wakiwa Butembo. Bei za wakaaji ziandikwe kwa franka, na iwekwe siku ya wanafunzi kila mwezi, gari likiwa ndani ya bei, si juu yake. Wakubwa wa parki wanaweza kuyajibu hayo kwa ndiyo au hapana, bila kusubiri operesheni yoyote ya jeshi iishe.

Wanaodharau Ishango nao wana zamu. Wakati wa kubishana wanasahau kwamba mjini kwenyewe watoto hawana mahali. Butembo yenye watu wengi hivi ina uwanja wa Matokeo na viwanja vya shule, na basi. Watoto waliotoka vijijini, waliozoea kukimbia mpaka mtoni, sasa wanacheza ukingoni mwa barabara ya malori. Kiwanja kimoja kilichosawazishwa, bembea mbili za kamba na matairi, mzee mmoja wa kuwachunga baada ya masomo: hicho kingekuwa kivutio cha kwanza cha mji, na hakihitaji UNESCO. Wafanyabiashara wa Butembo waliojenga magorofa kwa pesa zao bila kungoja Kinshasa wanajua bei ya tairi kuukuu.