Mgeni wa Siku Moja

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutuambia, hata hivyo, ni mwenyeji yupi atakayepona pale ambapo mgeni anashukia kwa mmoja na shabaha yake ni kwenda kutembea kwa mwengine aliye mbali. Swali hilo linawakabili wakaazi wa miji mingi ya bandari duniani, na litatukabili sisi wa Visiwa hivi iwapo hatutalifikiria mapema.

Meli za watalii zimebadilisha maana ya neno mgeni. Mtalii anayekuja kwa ndege hulala hotelini siku tano, wiki, au hata zaidi. Mtalii wa meli hana haja ya hoteli. Kitanda chake, chakula chake na burudani zake zote anazo melini. Kitu anachokikosa ni kimoja tu, nacho ni wakati. Hufika asubuhi na huondoka jioni. Kwa hivyo, anayetaka kujua kama bandari itamfaa mgeni huyo na kuwafaa wenyeji wake asiulize kwanza urefu wa gati. Aulize ni saa ngapi zitakazobaki mkononi mwa mgeni baada ya kuyavuka masafa yaliyopo baina ya ngazi ya meli na kile alichokuja kukiona.

Tuchukue mfano wa Roma, mji mkuu wa Italia. Mji huo hauna bandari ya kupokea meli kubwa. Meli zinazotangaza kwamba zitafika Roma hufunga gati Civitavecchia, mji wa pwani ulioko kaskazini-magharibi, masafa ya kilomita 70 na zaidi. Bandari hiyo ilijengwa kwa amri ya mfalme Trajan mwanzoni mwa karne ya pili, na hivi leo ni miongoni mwa bandari zinazopokea watalii wengi zaidi wa meli katika bara la Ulaya. Mwaka 2023 peke yake abiria wa namna hiyo walizidi milioni 3. Wengi wao hawakuja kuitazama Civitavecchia. Walikuja kuona Koloseo, Kanisa la Mtakatifu Petro na Chemchemi ya Trevi, na vyote hivyo viko Roma.

Hebu tufanye hesabu ya siku ya msafiri mmoja. Tuseme meli yake imefunga gati saa moja asubuhi na itang'oa nanga saa moja usiku. Kwa maandishi amepewa saa 12. Lakini kanuni za meli humtaka arejee mapema, nusu saa au saa nzima kabla ya safari, zimebaki 11. Kushuka melini, kupanda basi la bandari, kufika stesheni na kungoja treni humla saa moja na nusu. Treni yenyewe huchukua kiasi cha saa moja. Arudipo hulipa deni lile lile kwa mara ya pili. Saa tano zimekwisha barabarani, na mwenye busara hutenga saa moja nyengine ya tahadhari, kwani treni nayo huweza kuchelewa. Zinazobaki ni saa tano za kuutazama mji ambao umekusanya mambo ya miaka zaidi ya elfu mbili.

Juu ya hivyo, safari hiyo inawezekana, na inawezekana kwa sababu waliohusika waliitengeneza. Reli baina ya Civitavecchia na Roma ilifunguliwa mwaka 1859, kabla ya kuwapo hata meli moja ya kitalii. Mabasi ya bandari huwatoa abiria mpaka uwanja uitwao Largo della Pace, ukingoni mwa bandari, na kutoka hapo stesheni si mbali. Iko tiketi ya siku moja inayomruhusu msafiri kwenda na kurudi kwa treni za kawaida na kupanda pia mabasi na treni za chini ya ardhi za Roma. Aidha, treni hizo husimama katika stesheni ya San Pietro, jirani na Vatikani, hata anayetaka kuanzia huko halazimiki kufika kwanza katikati ya mji.

Pamoja na matengenezo yote hayo, hofu haimtoki msafiri. Anayekwenda kwa basi lililoandaliwa na kampuni ya meli hulipa zaidi, lakini basi likikwama njiani kwa kawaida meli humngoja. Anayejiendea mwenyewe hulipa kidogo, na akichelewa hukuta gati tupu. Itambidi aifuate meli bandari ya pili kwa gharama yake. Kwa sababu ya hofu hiyo watu wengi huchagua basi la kampuni, na fedha ambazo zingeingia mikononi mwa wenyeji hubaki katika hesabu za melini.

Je, Civitavecchia yenyewe hupata nini? Hupata ushuru wa bandari na ajira za gatini, na hayo si madogo. Lakini wenye maduka na migahawa yake huona makundi ya watu yakipita mbele yao asubuhi kwa haraka, na jioni yakirejea kwa haraka zaidi. Mji umekuwa mlango wa nyumba ya mwengine. Hali ni hiyo hiyo Le Havre nchini Ufaransa, ambako abiria huteremka na kuelekea Paris, masafa ya kilomita 200 hivi, ilhali katikati ya mji wa Le Havre penyewe pametiwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2005. Warnemünde, Ujerumani, kuna wanaosafiri kwa treni karibu saa tatu ili waione Berlin kwa saa chache. Laem Chabang nchini Thailand ni mlango wa Bangkok, kilomita zaidi ya 100. Na hapa jirani yetu, abiria anayeshukia Kilindini akatamani kuiona Nairobi ana treni mpya tangu mwaka 2017, lakini safari hiyo ni ya saa tano hivi kwa kwenda tu. Kwa mgeni wa siku moja hiyo si safari, ni ndoto. Afadhali yake auone Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, vilivyoko katika kisiwa kile kile alichoshukia.

Tunayasema haya ili tuitambue neema tuliyonayo. Anayeteremka katika bandari ya Malindi, Unguja, hahitaji treni wala basi. Kwa dakika chache za miguu yuko Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Akipinda vichochoro viwili vitatu yuko Darajani sokoni, au Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa. Mji Mkongwe wote, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, uko mlangoni mwa bandari. Saa zile tano ambazo mgeni wa Roma anaziteketeza njiani, mgeni wa Unguja huwa nazo mkononi. Na katika saa hizo ndimo anamonunua kofia na kikoi, ndimo anamokula, ndimo anamomlipa mtembezaji wageni na mwenye gari ya kumpeleka mashamba ya viungo.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Serikali ilikwisha kutangaza nia ya kujenga bandari mpya Mangapwani, kaskazini ya mji, kilomita 20 hivi. Hatuna neno na nia hiyo. Kila mfanyabiashara wa Visiwani anajua jinsi Malindi ilivyobanwa na makontena na jinsi meli za mizigo zilivyokuwa zikingoja nje kwa siku nyingi, na kila mnunuzi wa mchele na sukari ameyalipia machelewo hayo dukani. Mizigo inahitaji nafasi, na nafasi iko Mangapwani. Lakini kontena halina haja ya kuuona mji. Mgeni anayo. Rai yetu ni kwamba gati la Malindi litakapopumua, lisigeuzwe kazi nyengine kabla ya kuhakikishwa kwamba meli za watalii zimewekewa mahala pake hapo, leo na baadaye.

Wapo watakaotupinga, na hoja yao haifai kudharauliwa. Watasema kwamba meli kubwa na mji mkongwe havikai pamoja, na watatutajia Venice. Ni kweli kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti 2021 Serikali ya Italia ilizizuia meli kubwa zisipite mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko, kwa kuhofia madhara ya mawimbi na msongamano katika mji uliojengwa juu ya maji. Tangu hapo baadhi ya meli hufunga Marghera, upande wa bara, na nyengine hushusha abiria Ravenna au Trieste, bandari zilizo mbali kabisa. Sisi tunajifunza mambo mawili katika kisa hicho. La kwanza ni kwamba mji unayo haki ya kuweka mpaka: meli ngapi kwa siku, na za ukubwa gani. La pili ni kwamba mji uliochelewa kuweka mpaka hatimaye hulazimika kuzifukuza, na gharama ya masafa humwangukia mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Njia bora ni kupanga kabla ya kufika huko: tupokee wachache wanaoshuka, wanaotembea na wanaonunua, kuliko wengi wanaosongamana vichochoroni kwa saa moja na kurudi walikotoka.

Inawezekana, hata hivyo, kwamba siku moja meli fulani italazimika kuwashusha watu wake mbali na mji. Kwa ndugu zetu wa Pemba hilo si jambo la siku moja. Bandari yao kuu ni Mkoani, na anayetaka kuyaona makumbusho yaliyomo ndani ya ngome ya Chake Chake hana budi kusafiri kilomita 30 hivi. Kwa hali kama hizo twaziomba idara zinazohusika zitengeneze mambo matatu kabla ya meli kufika, wala si baada yake.

Kwanza, liwepo gari la uhakika, lenye saa yake ya kuondoka na saa yake ya kurudi, na saa hizo zibandikwe bandarini kwa lugha yetu na lugha za wageni. Mgeni wa siku moja haogopi masafa. Anachoogopa ni kutojua atarudi saa ngapi. Pili, nauli iwe moja, ijulikane, na tiketi iwe ya kwenda na kurudi. Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, magari hayo yasitolewe katika yale yanayowahudumia wananchi. Barabara ya Mkoani kwenda Chake Chake ni ya mwanafunzi anayekwenda skuli na ya mgonjwa anayekwenda hospitali kabla ya kuwa ya mtalii. Ikiwa siku ya meli ndiyo siku ambayo mama mjamzito anakosa gari, basi msemo wa wahenga tutakuwa tumeupindua: mgeni amekuja, mwenyeji ameugua.

Wala jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu waliikuta reli ndogo iliyotoka karibu na Ngome Kongwe mpaka Bububu, maili saba hivi, ambayo ilianza kazi mwaka 1905 na ikaacha kubeba abiria katika miaka ya 1920. Miongoni mwa waliopanda treni hiyo walikuwamo abiria wa meli zilizotia nanga hapa, waliotaka kuliona shamba kisha wakarudi kabla ya king'ora cha safari. Kama waliotangulia waliweza kuipima siku ya mgeni kwa saa, sisi hatuna udhuru.

Wananchi nao wanayo sehemu yao. Dereva anayemtajia mgeni nauli moja mlangoni na nyengine njiani, na papasi anayemvuta mkono mtu aliyekwisha kukataa, humnyang'anya mgeni wakati wake, ambao ndio mali pekee aliyoshuka nayo. Mgeni huyo hatabishana. Atarudi melini mapema, na jioni atawasimulia wenzake. Safari ijayo wenzake hawatashuka. Hasara hiyo haimpati papasi peke yake. Humpata mshona kofia, muuza madafu na mvuvi aliyeleta pweza Forodhani.

Bandari mpya zitajengwa, na ni haki zijengwe. Lakini wataalamu watakapoitandaza ramani mezani, tunawasihi wasipime kina cha maji peke yake. Waipime pia njia ya miguu kutoka ngazi ya meli mpaka kwenye duka la kwanza la mwananchi. Njia hiyo ikiwa fupi, mwenyeji atapona. Ikiwa ndefu na haikutengenezwa, tutabaki tumesimama mlangoni, tukiyahesabu mabasi yanayopita.