Paka Mwenye Kisukari: Kipimo Kwanza, Sindano Baadaye

  

Wiki hii tunaijibu barua ya dada yetu mmoja wa Mombasa. Paka wake dume, aliyetimiza miaka kumi na moja, amegunduliwa kuwa na kisukari. Daktari wa mifugo amempa insulini na kumwelekeza amdunge nyumbani mara mbili kwa siku. Mumewe anaona kuwa huo ni ubadhirifu, na jirani amemshauri ampeleke paka huyo kwa wauza samaki sokoni akajitafutie riziki. Dada yetu anauliza mambo mawili. Je, ni makosa kutumia mali kwa ajili ya paka? Na je, mtu asiye daktari ataiweza kazi hii bila ya kumdhuru mnyama?

Katika la kwanza, wasomaji wetu wanaijua hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache akale vya ardhini, na yaliyompata kwa sababu hiyo. Mnyama aliyemo mikononi mwetu ni amana, na haki yake kwetu ni chakula, maji na kutoteswa. Israfu ni kupita mpaka pasipo haja. Kumwondolea maradhi kiumbe unayemmiliki, kwa kadiri ya uwezo wako na baada ya kutimiza haki za watoto na wazazi, si israfu. Asiye na uwezo hatwishwi asichokiweza, naye azungumze na daktari wake kwa uwazi kuhusu njia zilizobaki. Lakini kumtupa sokoni si njia mojawapo. Paka wa mitaa ya Mji wa Kale na wa Lamu wanaishi kwa wepesi wao. Paka mwenye kisukari amekwisha kupoteza wepesi huo, na kiu peke yake itamwangamiza. Kumwacha huko ni kumwua polepole mahali ambapo hatutamwona.

La pili ndilo litakalotuchukua muda. Sisi si matabibu, na haya tuyaandikayo hayachukui nafasi ya daktari aliyemwona paka. Ni yale ambayo madaktari wa mifugo huwafunza wenye paka, tumeyapanga ili familia iyaelewe.

Kisukari cha paka, kwa sehemu kubwa, kinafanana na kile kinachowapata watu wazima wanene. Kongosho hutoa insulini isiyotosha, au mwili huikataa. Wanaopatwa zaidi ni paka wenye umri mkubwa, wanene, na madume waliohasiwa. Sukari ikikaa katika damu bila ya kuingia mwilini, hufika kiwango ambacho figo haziwezi kuizuia, ikamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana paka huyu hunywa maji kupita kawaida, hukojoa sana, hula kwa hamu, na bado hukonda. Wengine huanza kutembea kwa kukanyaga visigino vya miguu ya nyuma, kwa sababu mishipa ya fahamu imedhoofika. Mwenye kuziona dalili hizi asingoje.

Katika nyumba nyingi za Pwani, kisukari si mgeni. Bibi anacho, au baba anacho, na mashine ya kupimia sukari imo kabatini. Hili ni jambo la kheri, kwani mkono uliokwisha kumpima bibi hautaogopa kumpima paka. Lakini lina hatari mbili. Ya kwanza ni kumpa paka vidonge vya bibi. Msifanye hivyo kamwe. Dawa za watu na vipimo vyake si za paka. Ya pili ni kudhani kuwa mashine ya watu husoma damu ya paka sawasawa. Kwa jinsi sukari inavyogawanyika ndani ya damu ya paka, mashine ya watu kwa kawaida huonyesha namba iliyo chini kidogo ya ukweli. Zipo mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Anayetumia ya watu amwambie daktari, ili asome namba zile kwa ujuzi huo, na asibadilishe mashine kila wiki.

Kwa nini basi kupima nyumbani, na si kwa daktari peke yake? Kwa sababu paka ni mnyama wa hofu. Akitiwa kapuni, akapandishwa tuktuk, akafikishwa penye mbwa na harufu ngeni, sukari yake hupanda kwa woga tu, hata ikapita 16 kwa namba za mashine zetu, ilhali paka mzima hukaa baina ya 4 na 8 hivi. Namba iliyopatikana nyumbani, paka akiwa juu ya mkeka wake, ina ukweli zaidi.

Kupima kwenyewe ni hivi. Damu huchukuliwa kwenye ukingo wa sikio, kandokando ya mshipa mdogo upitao pembeni. Lipasheni sikio moto kwa kitambaa chenye uvuguvugu kwa muda mfupi, ili damu ishuke. Wekeni pamba nyuma ya sikio ili msijichome vidole, chomeni mara moja kwa kijisindano kipya, kisha sogezeni kijikaratasi cha mashine mpaka kinywe tone. Bonyezeni kwa pamba hadi damu ikatike, na mpeni kipande cha nyama ya kuku isiyo na chumvi. Baada ya siku chache wengi wao huja wenyewe wakisikia sauti ya mashine, kwa tamaa ya kile kipande. Na kwa mwenye wasiwasi wa swala: mwili wa paka na mate yake si najisi, damu ndiyo ya kuoshwa, kwa maji, mkononi na nguoni.

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Sukari ya siku moja haijulikani kwa kipimo kimoja. Tuseme paka amepimwa saa moja asubuhi, kabla ya sindano, akawa na 16. Akadungwa. Saa tatu akawa na 11, saa tano 7, saa saba mchana 5, saa tisa 8, saa kumi na moja 12, na saa moja jioni 15. Huyu anaendelea vyema. Insulini yake imemshusha hadi mahali pazuri katikati ya mchana, kisha ikaisha nguvu. Lakini aliyepima asubuhi tu ataiona 16 na kusema, "Dawa haifanyi kazi," akaongeza kipimo. Siku ya pili, saa saba mchana, wakati watoto wako shule na mama yuko jikoni, paka huyu ataanguka. Kwa hiyo mara moja moja, kwa maelekezo ya daktari, pimeni siku nzima kila baada ya saa mbili na mwandike kila namba. Namba iliyo chini kabisa ndiyo inayoamua kipimo cha sindano, na mwenye kukipandisha au kukishusha ni daktari peke yake.

Kuhusu saa, Mwenyezi Mungu ametusahilishia sisi tulio karibu na ikweta. Sindano mbili hutakiwa kuachana kwa saa kumi na mbili. Saa moja asubuhi huja baada ya jua kuchomoza, na saa moja jioni huangukia baina ya Magharibi na Isha, mwaka mzima, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Mwezi wa kufunga usibadilishe ratiba ya paka, yeye hafungi. Mpeni chakula chake na sindano yake kwa saa ileile, na daku iwe ya watu.

Kuhusu insulini yenyewe, kuna mambo mawili ya kujua kabla ya kununua. Mojawapo ya zile zitumiwazo kwa wanyama, iitwayo Caninsulin, asili yake ni nguruwe. Mwenye kutaka kuepukana na hilo amwambie daktari mapema, kwani ipo glargine, itengenezwayo maabara kwa njia ya bakteria na kuuzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya watu. Madaktari wengi huitumia kwa paka. Pili, hizi mbili hazina ukali mmoja. Caninsulin ina yuniti 40 katika mililita, na glargine ya kawaida ina 100. Kila moja ina bomba lake la sindano. Mwenye kuvuta glargine kwa bomba la yuniti 40 humpa paka mara mbili na nusu ya kile alichoandikiwa, na hilo laweza kumwua. Someni namba iliyoandikwa kwenye chupa na iliyoandikwa kwenye bomba, zisipolingana, msidunge.

Insulini hukaa kwenye friji, baina ya nyuzi 2 na 8, mbali na barafu, kwani ikiganda imeharibika. Joto letu la Februari haliistahimili. Hudungwa chini ya ngozi, ubavuni, mahali pakibadilishwa kila mara. Inueni ngozi kama hema dogo, ingizeni sindano, sukumeni, toeni. Ikiwa paka ameruka na dawa nyingine imemwagika, msirudie. Ikiwa hamkumbuki kama amedungwa au la, msirudie. Sindano moja iliyokosekana humpandisha sukari kwa nusu siku; sindano mbili kwa pamoja zaweza kumzika.

Hilo ndilo tunalotaka kila nyumba ilishike: sukari ikizidi huua kwa wiki na miezi, ikipungua huua kwa saa. Kwa hiyo utaratibu ni kupima, kulisha, kisha kudunga. Muulizeni daktari namba ambayo chini yake hamtadunga kabla ya kumpigia simu, na muiandike kwenye jalada la daftari. Paka asiyetaka kula, au aliyetapika, asipewe kipimo chake kamili kabla ya kuzungumza na daktari.

Dalili za sukari kupungua ni unyonge wa ghafla, kuyumba kama mlevi, kutetemeka, na mwisho kifafa na kuzimia. Mkiziona, au mashine ikionyesha chini ya 3.5, msingoje kuuliza. Akiweza kula, mpeni chakula papo hapo. Asipoweza, pakeni asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi zake kwa kidole, kidogo kidogo, bila ya kumimina kooni asije akapaliwa. Kisha mpelekeni kwa daktari hata kama amezinduka, kwani dawa ingali mwilini. Kikopo cha asali kikae palepale inapokaa sindano. Na kinyume chake, paka mwenye sukari ya juu aliyeacha kula, anayetapika, aliyelegea, na pumzi yake ina harufu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, naye ni wa kukimbizwa siku hiyohiyo.

Limebaki chakula. Paka ameumbwa mla nyama, lakini majumbani mwetu hula wali uliobaki, ugali uliochanganywa na mchuzi, na chapati iliyolowekwa kwenye maziwa. Wanga huu ndio unaompandisha. Chakula kinachomfaa ni chenye nyama nyingi na wanga kidogo; cha kopo huwa na wanga mdogo kuliko kile kikavu cha punje. Kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala vitunguu ni mwema kwake, ila peke yake hautimizi mahitaji ya mwili, na samaki mbichi kila siku humpunguzia vitamini. Mpango wa chakula upangwe na daktari. Jueni pia kuwa ukimwondolea wanga, haja yake ya insulini hupungua, pengine kwa siku chache tu. Mwenye kubadilisha chakula bila ya kupima anaweza kumwangusha kwa kipimo kilekile cha jana. Paka mnene apunguzwe uzito polepole. Kumnyima chakula ghafla humharibu ini.

Na kuna habari njema. Paka wengine waliotibiwa mapema, wakapewa insulini na chakula kilichopunguzwa wanga, sukari yao hurudi mahali pake na wakaacha sindano kabisa. Haiahidiwi kwa kila paka, na yaweza kurejea, lakini ni sababu ya kutochelewa.

Turudi kwa dada yetu na mumewe. Gharama ipo, hatuifichi. Vijikaratasi vya mashine huisha upesi kuliko insulini. Kaeni pamoja, mfanye hesabu ya mwezi mmoja na daktari, kisha mwamue mkijua. Mkiamua kumtibu, kazi ishikwe na mtu mmoja kwa zamu iliyoandikwa, na kila sindano itiwe alama kwenye daftari papo hapo. Wape watoto kazi ya kuandika namba. Mtoto anayejifunza kuwa kiumbe asiyesema ana saa yake ya dawa, na kwamba saa hiyo haikawii kwa sababu ya televisheni, amefunzwa jambo litakalomfaa siku bibi yake atakapohitaji mkono wake.

Mwenyezi Mungu awape afya wagonjwa wetu, wanaosema na wasiosema, na atujaalie kuzitimiza amana zetu. Amin. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.